Kiraka cha kubana, cha wastani au cha kulegea? Namna 3 za kushindilia risasi ya mviringo kwenye gobori lenye mifereji

Anayeanza kupiga gobori lenye mifereji huja na maswali ya baruti: kiasi gani, ya chenga ipi, ya kopo lipi. Wiki mbili tatu zikipita anatambua kwamba kinachomtoa jasho ni kiraka, kile kipande cha kitambaa kinachozidi sarafu kidogo kwa ukubwa, kinachoifunga risasi. Leo kinagoma kuingia hadi mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unapinda. Kesho kinateleza chini kama kimepakwa sabuni, halafu risasi inakwenda inakojua yenyewe.

Risasi ya mviringo haigusani na chuma cha mtutu. Imetengenezwa ndogo kuliko tundu, na kiraka ndicho kinachoziba pengo. Kinashika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu na matuta yaliyo kati yake na kuizungusha risasi, kinazuia moto wa baruti usipite pembeni, kisha risasi ikitoka mdomoni kinaiachia na kudondoka mita chache mbele. Kwa hiyo anayechagua mkazo wa kiraka anachagua karibu tabia yote ya bunduki yake. Wapigaji wengi wako kwenye moja ya kambi tatu, na kila kambi ina sababu zake.

Hesabu kwanza

Tuchukue mtutu wa kaliba (kipenyo cha tundu) ya inchi 0.50 wenye mifereji ya kina cha inchi 0.010. Tuta hadi tuta ni 0.500. Mfereji hadi mfereji ni 0.520. Sasa chukua kipenyo cha risasi, jumlisha unene wa kitambaa mara mbili, maana kitambaa kiko pande zote.

Risasi ya 0.495 na kitambaa cha 0.020 vinatoa 0.535. Hapo kitambaa lazima kisinyae ndipo kipite, hata ndani ya mifereji. Huo ndio mkazo wa kubana.

Risasi ya 0.490 na kitambaa cha 0.015 vinatoa 0.520 kamili: kitambaa kinafika sakafu ya mfereji bila kugombana nayo. Ukiweka cha 0.018 unapata 0.526, bado eneo lile lile. Huo ni wa wastani.

Risasi ya 0.480 na kitambaa cha 0.010 vinatoa 0.500. Kitambaa kinapita juu ya matuta na mifereji inabaki na nafasi tupu. Huo ni wa kulegea.

Mtutu wako unaweza kuwa tofauti. Iko mitutu ya kiwandani ambayo mifereji yake haizidi inchi 0.005, na kwa hiyo, kiraka ninachokiita cha wastani hapa kitakuwa cha kubana kweli kweli. Pima mwenyewe kwa kalipa. Na ukipima kitambaa, kibane taya za kalipa kwa nguvu ya vidole hadi kisisinyae tena, andika namba hiyo, na kila siku pima hivyo hivyo. Kitambaa kilichopimwa kwa kuguswaguswa tu husoma kinene kuliko kilivyo, na mabishano mengi kuhusu viraka yanatokana na watu wawili kupima kitambaa kimoja kwa mikono miwili.

Vigezo vya kulinganisha

Nimevipima vyote vitatu kwa mambo manne. La kwanza ni nguvu na zana: unahitaji nini mkononi ili risasi ifike chini. La pili ni shabaha: matundu yanakusanyika kiasi gani. La tatu ni masizi: unaweza kupiga mara ngapi kabla ya kulazimika kusafisha. La nne ni kukaa: bunduki ikibebwa saa kadhaa ikiwa imeshindiliwa, risasi na baruti vinabaki vilivyokuwa?

Yapo ambayo hayabadiliki hata ukichagua kambi ipi. Baruti ni nyeusi, au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili ya magobori. Ile isiyo na moshi ya bunduki za kisasa hupasua mtutu, na kiasi chake hakina punguzo linaloiokoa. Baruti hupimwa kwanza kwenye kipimo ndipo imwagwe, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kubebea baruti, kwa sababu kaa moja lililobaki chini linatosha kuigeuza pembe kuwa bomu mkononi. Uso na kiganja havikai juu ya mdomo wa mtutu. Fataki, kile kiwashio kidogo, huwekwa kwenye kifa (chuchu inayopitisha moto) mwisho kabisa, na mwenye gumegume, gobori la kuwashwa kwa jiwe, vivyo hivyo hatii baruti kwenye sinia, kile kibakuli cha kuwashia, mpaka kila kitu kingine kimekamilika. Na risasi lazima ikae juu ya baruti, isiachwe njiani, maana pengo kati yao linaweza kuuvimbisha mtutu kama nyoka aliyemeza yai. Chora alama kwenye mdeki, mahali unapofika mdomoni risasi ikiwa chini sawasawa. Alama hiyo itakuambia ukweli kila mara.

Kuhusu kitambaa chenyewe: pamba tupu au kitani tupu. Hapa nina kisa changu. Niliwahi kukata viraka kutoka shuka kuukuu niliyoamini ni ya pamba. Mipigo mitano, na mdeki ukaanza kukwaruza. Niliposafisha, kitambaa cha kusafishia kilitoka na vishanga vyeusi, vigumu, vimeganda kama utomvu. Shuka ilikuwa na nailoni ndani yake. Tangu siku hiyo kila kitambaa kipya nakichomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Pamba huungua na kuacha jivu jepesi linalopeperuka. Ukiona uzi unajikunja, unayeyuka na kuacha kishanga kigumu, kirudishe kabatini. Kisha kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kutumiwa, kwa sababu ile wanga ya dukani inakifanya kionekane kinene na kigumu kuliko kilivyo.

Mkazo wa kubana

*Nguvu na zana.* Kidole gumba hakitoshi. Unahitaji kisukumio kifupi, yaani kitufe cha mbao chenye kijiti cha sentimita chache, unachokigonga kwa kiganja au kwa nyundo ndogo ya mbao ili risasi iingie mdomoni. Halafu mdeki imara. Ule wa mbao uliokuja na bunduki una hatari: ukiusukuma kwa kuushika mbali, unapinda, na mbao ikivunjika huvunjika mshazari, ncha kali kama mkuki inayoingia kiganjani. Ushike kiganja kimoja tu juu ya mdomo, sukuma, shika tena, sukuma. Uwanjani wengi hutumia wa chuma au shaba wenye kitufe kikubwa juu na kilinda mdomo chini.

Ni tatizo la zamani. Jeshi la Uingereza lilipoanza kutumia bunduki ya Baker mwaka 1800, ya kaliba ya inchi 0.625 na mifereji 7, mwanzoni askari walipewa nyundo za mbao za kugongea risasi iingie. Baadaye zikaachwa. Kupiga nyundo huku unapigwa risasi si kazi ya kupendeza.

*Shabaha.* Hapa ndipo kambi hii inapojivunia. Mipigo ikiwa imepimwa sawasawa, matundu hukaribiana kuliko kwa namna nyingine, na washindani wengi wa mezani, wanaopiga wakiwa wamekaa na bunduki imeegemezwa, wako huku. Nyuzi za kitambaa huacha alama kwenye risasi laini, kama alama za mkeka kwenye shavu la mtu aliyelala mchana, na alama hizo ndizo ushahidi kwamba risasi imeshikwa. Lakini iwe laini kweli: madini ya risasi yasiyochanganywa. Iliyotiwa bati au antimoni haikubali alama, inakuwa kama kushindilia jiwe.

*Masizi.* Kiraka kinene chenye unyevu husukuma masizi ya mpigo uliopita chini kila unaposhindilia. Ukipata kilainishi sahihi unaweza kupiga mfululizo mrefu bila kusafisha. Usipokipata, mpigo wa tatu au wa nne risasi inakwama katikati, na hapo ndipo watu huanza kuegemea mdeki kwa kifua. Usifanye hivyo.

*Kukaa.* Vizuri sana. Haitikisiki hata ukibeba mtutu ukielekea chini.

Anayefaa ni mpigaji wa shabaha mwenye meza, muda na subira. Mwenye mkono wenye maumivu ya viungo atachoka mapema. Ila kuna njia ya pembeni: fundi anaweza kuufungua mdomo wa mtutu kwa ndani, taratibu kama faneli ya kina kifupi, na hapo risasi ya kubana huanza kwa kidole gumba bila kisukumio. Ni kazi ya fundi anayejua anachofanya, kwa sababu mdomo ukifunguliwa upande mmoja kuliko mwingine, shabaha imekwenda na hairudi bila kukata mtutu.

Mkazo wa wastani

*Nguvu na zana.* Kidole gumba kwa nguvu, au pigo moja la kisukumio, halafu mdeki wa kawaida unamalizia kwa mikono miwili bila mapambano. Wa mbao unatosha.

*Shabaha.* Kwa umbali wa mita 50, wengi wetu hatuwezi kuona tofauti kati yake na wa kubana, kwa sababu kosa la mkono na la jicho ni kubwa kuliko kosa la kiraka. Nasema hivi nikijua washindani watanuna. Nimekaa mezani nikipiga 0.490 na kitambaa cha 0.018, kisha 0.495 na cha 0.020, na tofauti niliiona pale tu nilipokuwa nimepumzika na upepo umetulia. Siku nyingine zote karatasi zilifanana.

*Masizi.* Wastani kweli. Kitambaa chembamba chenye mate au mafuta kinakubali mipigo kadhaa, kisha unapiga deki mtutu kwa kitambaa chenye unyevu, kimoja kwenda na kurudi, kikifuatiwa na kikavu, na unaendelea. Wapigaji makini hupiga deki baada ya kila mpigo, ili kila risasi ikute mtutu wa hali ile ile.

*Kukaa.* Inatosha kwa siku nzima ya kutembea. Risasi ya 0.490 ina uzito wa kama gramu 11.5, yaani graini 177, na kiraka kilichofika sakafu ya mfereji kinaimudu.

Anafaa hapa mwindaji, anayejifunza, na mwenye bunduki moja ya kazi zote. Udhaifu wake ni kwamba hauna nafasi kubwa ya kosa upande wa kitambaa. Ukinunua kitambaa kingine kilichoandikwa unene ule ule lakini kimefumwa kwa kulegea, unaweza kujikuta kambi ya tatu bila kuhama.

Mkazo wa kulegea

*Nguvu na zana.* Kidole, mdeki, basi. Mkono mmoja unaweza. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

*Shabaha.* Inategemea umbali na baruti. Kwa mita 25 na kiasi kidogo cha baruti, inaweza kukushangaza kwa uzuri. Ukiongeza baruti, gesi inapita kwenye mifereji iliyo wazi, kitambaa kinaungua kabla ya kutoka, na risasi inatoka bila kuzungushwa sawasawa. Kuna tiba inayofanya kazi: weka baruti, kisha kipande cha sufi iliyoshindiliwa chenye ukubwa wa tundu, ndipo kiraka na risasi. Sufi inaupokea moto na kiraka kinabaki kizima. Ila sasa umeongeza hatua moja, na haraka uliyoifuata imepungua.

*Masizi.* Hapa ndipo wengi hawaipi haki yake. Mtutu ukishachafuka, risasi ndogo bado inashuka wakati ile ya kubana imeshakwama. Askari wa Baker waliijua siri hiyo: kwa kupiga kwa utulivu walitumia risasi iliyofungwa kiraka chenye mafuta, na kwa purukushani walibeba risasi ndogo zaidi zilizofungwa kwenye karatasi pamoja na baruti yake, zishuke upesi. Shabaha ilipungua, lakini bunduki iliendelea kulia.

*Kukaa.* Mbaya. Na hapa sisemi kwa kupima pande mbili: risasi inayoshuka kwa urahisi hupanda kwa urahisi. Bunduki ikining'inia mdomo chini au ikirukaruka kwenye gari, risasi inaweza kusogea mbele na kuacha lile pengo tulilolitaja. Anayewinda na mkazo huu achomeke mdeki mtutuni kila mara anaposimama, na aangalie alama.

Inamfaa mwenye kupiga kwa furaha vibati na mbao karibu karibu, mwenye mikono isiyo na nguvu, na yule mwenye mtutu wa zamani ambao kutu imeung'ata ndani. Mtutu wenye vishimo hurarua kitambaa kilichobanwa, na kulegeza kidogo wakati mwingine huwa ndiyo njia pekee ya kiraka kutoka kizima.

Kilainishi kinaweza kukuhamisha kambi

Mate hayana gharama, yanalainisha masizi vizuri na hayaishi. Lakini yanakauka, na yakiachwa ndani yanalowesha baruti na kuleta kutu. Ni ya uwanjani tu, mpigo baada ya mpigo.

Shahamu ya mnyama iliyochanganywa na nta ya nyuki haikauki, na ndiyo inayofaa bunduki itakayobebwa. Nta izidi wakati wa joto, ipungue wakati wa baridi. Kiraka kisidondoke mafuta, kwa sababu yakishuka kwenye baruti utapata mpigo mnyonge au ukimya. Kipande cha sufi kati yao kinasaidia tena hapa.

Njia ya tatu ni mafuta yanayochanganyika na maji, kwa mfano ya kukatia chuma: sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 6 au 7 za maji. Kitambaa kinaloweshwa, kinalazwa tambarare, kinakauka, maji yanakwenda na mafuta yanabaki yameenea sawa. Usikianike kwenye kamba, mafuta yatateremkia pindo la chini. Faida yake ni usawa wa kiraka hadi kiraka. Kosa la kawaida ni kuongeza mafuta kwa kudhani kuteleza zaidi ni bora, na matundu yanaanza kutawanyika.

Okota viraka vyako

Kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo, ngoja uwanja ufungwe, bunduki zikae chini, kisha tembea mita 5 hadi 15 mbele ya meza uokote viraka. Kiraka kizima kina duara jeusi katikati pale kilipokalia baruti, mistari hafifu ya matuta ikizunguka kama miale, na kingo zilizochakaa kidogo. Unaweza karibu kukitumia tena.

Kikiwa na tundu lililoungua katikati, kitambaa ni chembamba mno, ni kikavu mno, au baruti imezidi. Kikiwa kimeungua kwenye duara la nje, pale risasi inapogusana na mtutu, gesi inapita: mkazo haujatosha. Kikiwa na mikato iliyonyooka yenye kingo safi isiyo na weusi, hakikuungua, kilikatwa wakati wa kushindilia. Mdomo wa mtutu una ncha kali, au matuta mapya hayajalainika. Mdomo hulainishwa kwa msasa laini sana ukizungushwa kwa kidole gumba, na matuta kwa kupiga risasi mia moja mbili hivi. Kisichopatikana kabisa, ila vinyuzi vinavyofuka moshi, kimepasuka ndani, na usishangae risasi imekwenda wapi.

Kwa hali yako

Kama unashindana ukiwa umekaa mezani na kila milimita ina hesabu, anza na wa kubana, piga deki kila mpigo, na tafuta mdeki wa chuma wenye kilinda mdomo.

Kama unawinda, chukua wa wastani, shahamu na nta, na viraka vilivyokatwa tayari nyumbani. Kukata kiraka mdomoni kwa kisu kunakipa kitovu sahihi kila mara, lakini kunataka mwanga, mikono isiyotetemeka na mnyama mwenye subira.

Kama una watoto wakubwa au wageni unaowafundisha, mkazo wa kulegea na baruti kidogo kwa mita 25. Watapiga mara nyingi na kucheka sana, na wewe utabaki na kazi ya kuangalia alama ya mdeki.

Kama umerithi bunduki ya zamani, fundi auone mtutu kwanza. Mengine yote yanasubiri.

Na kama bado hujui uko wapi: nunua risasi 100 za 0.490 na vitambaa viwili, kimoja cha 0.015 na kingine cha 0.018. Usibadilishe baruti wala kilainishi. Piga mitano kwa kimoja, mitano kwa kingine, karatasi mbili tofauti, kisha nenda mbele ukainame kwenye nyasi. Viraka vya 0.015 vikitoka vizima na vinashuka kwa kidole, baki hapo. Vikiwa vimeungua pembeni, panda hadi 0.018. Vikiungua bado, ndipo upande hadi risasi ya 0.495 na ununue nyundo ya mbao.